Punje ya Manjano

Meli ya Mwanza ilikuwa haijashusha hata ngazi, na tayari watu walikuwa wanasukumana kwenye gati la Bukoba. Wapagazi walipiga kelele, kuku walipiga kelele, na karani wa forodha akawashinda wote. Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, mwaka ambao kahawa ilipanda bei mpaka wazee wakawa wanaulizana kama kuna kosa. Magunia yaliyosubiri kupakiwa yalipangwa juu hadi yakaficha ziwa.

Kokubanza alisimama kando ya magunia hayo akimsubiri shangazi yake Adventina, aliyekuwa akirudi kutoka Mwanza. Alivaa gauni la bluu la kola nyeupe na viatu vya kamba, na mkoba wake ameukumbatia kifuani. Alikuwa msichana mzuri, mrefu, mwenye shingo ya kupendeza, lakini uso wake ulikuwa kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri.

Gunia moja likamponyoka mpagazi, likapasuka miguuni pake. Kahawa ikamwagika kama mvua.

Kokubanza akachuchumaa na kuanza kuokota. Hakufikiri, mikono ilikwenda yenyewe. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, kuchagua kahawa kiwandani pamoja na wanawake wenzake, punje njema huku, mbovu kule, mpaka jioni. Ndiyo maana hata pale gatini, watu wakimruka, alikuwa anazitenga.

"Dada, nikusaidie?"

Kijana mmoja aliyeteremka melini alikuwa ameweka sanduku lake la bati chini. Alivaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi vizuri na shati jeupe, na kofia ameisukuma nyuma ya kichwa.

"Kama una macho," Kokubanza alisema.

"Ninayo mawili."

"Basi hizo za manjano ziache."

"Zina kosa gani, maskini?"

"Zimebadilika rangi. Nyingine zilivunwa changa, nyingine zililowa. Ukiacha moja, inaharibu gunia zima."

Kijana akacheka. "Huko nitokako, iliyobadilika rangi ndiyo tunayomwitia Mzungu aje kuitazama."

"Mnachagua nini huko? Mahindi?"

"Almasi."

Kokubanza alinyanyua uso kwa mara ya kwanza. Kisha akauinamisha tena. "Kumbe," alisema, kama mtu aliyeambiwa kwamba kesho ni Jumatatu.

Hilo "kumbe" ndilo lililomnasa kijana huyo, Elieza Byabato. Tangu apate kazi kwenye meza ya kuchagulia almasi, kule migodini Usukumani, kila msichana aliyemtajia neno hilo alikuwa ametoa macho. Huyu alikuwa anatazama kahawa.

Siku iliyofuata Elieza alikuwa nje ya lango la kiwanda saa ya kutoka kazini, kofia mkononi.

"Nimekuja kumwona Bibi Mkaguzi," alimwambia Maulida, rafiki wa Kokubanza aliyekaa naye meza moja. Maulida alikuwa mtoto wa mjini, wa ukoo wa Waswahili waliofika Bukoba zamani na misafara ya biashara, na ulimi wake ulikuwa hauna breki.

"Mkaguzi yupi? Huyu?" Maulida akapiga kofi. "Kokubanza, umeletewa mtu wa kukaguliwa! Mgeuze, mtazame mgongoni kama hana tundu la mdudu."

"Nimekwisha mtazama," alisema Kokubanza. "Ni mchanganyiko."

"Hewala! Mchanganyiko nao unauzwa, dada. Ningejua tangu asubuhi, ningempigia kwa simu ya Bwana Meneja nimwambie aje haraka zaidi."

Wakacheka wote watatu, ingawa Kokubanza alicheka kwa mdomo tu. Hata hivyo alikubali kusindikizwa mpaka Kitendaguro, alikokaa na shangazi yake. Na kesho yake tena. Elieza alikuwa kwenye likizo. Asubuhi alitoka kwa mama yake Ijumbi, upande wa Muleba, akidandia lori lolote lililoleta ndizi mjini, na jioni akarudi kwa lori lolote lililokubali kumchukua.

"Unachoka bure," Kokubanza alimwambia siku moja wakipanda kilima, migomba huku na huku ikiwa imelowa mvua.

"Nachoka, lakini si bure."

"Elieza, mimi si mtu wa kufurahisha."

"Nani alikwambia?"

Kokubanza alikuwa ameambiwa na kimya cha ndani yake mwenyewe. Mwaka juzi alikuwa mchumba wa Buberwa, mwalimu. Matangazo ya ndoa yao yalikwisha kusomwa kanisani, busuti, gauni refu la harusi, imekwisha kushonwa. Buberwa akaenda Kampala kununua viatu, akaoa huko huko. Kokubanza hakulia. Watu wa kanisa walikuja kumpa pole, wakamkuta anachambua maharage. Walisema ana moyo mgumu. Hakuwa na moyo mgumu. Alikuwa ameingia ganzi, akawa anaisubiri itoke kama watu wanavyosubiri homa itoke, na haikutoka. Chakula alikila. Nyimbo aliziimba. Jioni alimshukuru Mungu kwa maneno yale yale, kisha akalala.

Haya yote Elieza alikuwa ameshaambiwa na shangazi Adventina, aliyempenda tangu waliposhuka meli moja siku ile ya gatini. Ndiyo maana hakumharakisha. Alimsimulia tu habari za meza yao kule migodini, jinsi mawe yanavyomwagwa juu ya meza nyeupe karibu na dirisha, na mtu haruhusiwi kuingia na hata kifungo cha ziada. "Ukikutwa na jiwe ghafi mfukoni ni jela, mpenzi. Hata ukisema limekuingia lenyewe."

"Usiniite mpenzi barabarani."

"Nikuitie wapi?"

Kidogo, kidogo sana, pembe ya mdomo wake ikasogea. Elieza aliiona. Usiku ule alirudi Ijumbi akiimba juu ya magunia ya mtu.

Jumapili ya mwisho ya likizo, baada ya ibada, walitembea mpaka ufukweni. Kokubanza alivaa busuti ya zambarau. Elieza alivaa koti alilokuwa anajuta kuvaa, kwa kuwa jua lilikuwa kali na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Alitoa kifurushi cha karatasi laini, akakifungua.

Ilikuwa pete nyembamba ya dhahabu. Katikati ilikuwa na jiwe dogo lisilozidi punje ya mtama.

"Si ya kuokota," alisema haraka. "Almasi yenyewe ilikwenda kukatwa Ulaya, ikarudi Mwanza kwa mfanyabiashara mwenye leseni. Nimenunua, na karatasi ninayo. Kokubanza, nataka nije kwa baba yako na wazee."

Kokubanza aliichukua. Alifanya kile alichokifanya kutwa nzima, kila siku ya kazi: aliigeuza kuelekea kwenye mwanga, akaisogeza karibu na jicho. Ndani ya kifua chake alitafuta kitu, furaha, au hata woga. Alisubiri. Hakikuja kitu. Kilichokuja ni jicho la kazi.

"Ni ya manjano," alisema.

"Ndiyo," Elieza akatabasamu, akisubiri.

"Nyeupe zilikwisha?"

Elieza alidhani ni utani. "Zipo tele."

"Hii basi ndiyo ya pembeni. Ile mnayoitenga."

Tabasamu likaanza kumtoka. "Hivyo ndivyo unavyoiona?"

"Nimeishi na punje, Elieza. Najua iliyoachwa inafanana vipi. Mimi mwenyewe niliachwa mara moja, naijua sura yake."

Alilisema hilo bila hasira, na ndiyo maana lilichoma. Angelia, Elieza angemfuta machozi na kumweleza yote. Lakini alisema kwa sauti ya kuagiza chumvi dukani.

"Kwa hiyo," Elieza aliuliza polepole, "unadhani nilikaa nikafikiri, huyu aliachwa, nimtafutie na jiwe lililoachwa?"

Kokubanza akaifunga pete kwenye karatasi yake.

"Jibu, basi."

"Chukua pete yako."

"Sichukui. Nimekwisha kutoa." Alivaa kofia yake. "Meli yangu ni Alhamisi. Mpaka siku hiyo niko kwa mama, Ijumbi. Kaa salama, Bibi Mkaguzi."

Akaondoka kwa hatua ndefu juu ya mchanga, bila kugeuka. Kokubanza alimtazama mpaka alipopotea nyuma ya miti. Alijiambia, sasa utalia. Akasubiri. Akarudi nyumbani akamenya viazi.

"Unairudisha kwa posta?" Maulida alishangaa kesho yake, wakiwa mezani, mikono ikichagua bila kuangaliwa. "Dhahabu? Kwa posta? Wewe una wazimu mtulivu."

"Nitampa dereva wa basi la Muleba."

"Halafu wakisema ulibadilisha jiwe? Watu wana midomo, mwenzangu. Twende kwanza kwa baba yangu mdogo Burhani aione, awe shahidi kwamba imetoka mikononi mwako kama ilivyoingia."

Burhani alikuwa sonara karibu na soko. Duka lake lilikuwa na upana wa mlango wake. Alikuwa mtu mnene, mwenye kanzu safi na miwani iliyofungwa kwa uzi, na alipenda kunung'unika anapofanya kazi. Aliichukua pete akinung'unika. Akaweka lenzi jichoni. Kunung'unika kukakoma.

"Mletee mwenzio kiti," alimwambia Maulida.

Aliipangusa pete kwa pamba yenye spiriti, akaitazama ile pamba. Ilikuwa nyeupe. Akaipangusa tena nyuma ya jiwe, kwenye kona ambako uchafu hujificha, akaitazama tena.

"Wapo wanaopaka," alisema. "Wanachukua almasi ya kawaida wanaitia rangi nyuma. Kwa iliyopakwa, rangi hukusanyika ukingoni kama chai kwenye sahani. Hii imelala sawasawa mpaka ndani. Imezaliwa nayo."

"Lakini ni ya manjano, baba," Kokubanza alisema.

"Ndiyo, ni ya manjano. Sikiliza, mwanangu. Almasi nyeupe ikiingia umanjano kidogo, ule wa meno ya mvuta tumbaku, bei inashuka. Kila ukizidi, inashuka zaidi. Hapo ni kama kahawa yenu, nakubali. Lakini kuna mahali unafika, umanjano ukakolea, ukawa rangi kamili, mtu akiliona jiwe anaona rangi hiyo kabla hajaona kitu kingine. Ukivuka hapo hesabu inageuka, bei inaanza kupanda. Za kahawia ndizo nyingi, hizo bei yake si ya kutisha. Manjano hii iliyokolea hupatikana kwa nadra. Waridi, hiyo nimesikia tu kwa watu, sijaiona kwa macho." Aliigeuza tena. "Ina ukungu kidogo huku chini, kama unyoya. Kwenye nyeupe ningelalamika. Hapa rangi inaumeza. Ingekuwa kubwa kama punje yenu ya kahawa, mwenyewe asingepanda meli ya mizigo."

"Kwa hiyo ina thamani gani, baba?" Maulida aliuliza, macho yamemtoka.

"Ni ndogo, si ya kununua mji. Lakini kwa bei yake ungenunua nyeupe mbili za ukubwa huu, na chenji ikabaki." Alivua lenzi, akamtazama Kokubanza kwa upole. "Aliyekuletea hii anajua kuchagua. Hakukupa kilichobaki. Zile nyingine ndizo aliziacha."

Nje, jua lilikuwa limejaa barabara. Maulida alikuwa anaruka kama ndama. "Umesikia? Umesikia, mwanamke? Nenda kamchukue!"

Kokubanza alisimama katikati ya watu wa soko. Alisubiri furaha ije. Kilichokuja ni wazo, nalo lilikuwa baridi.

"Nikienda sasa," alisema, "nakwenda kwa ajili ya jiwe."

"Unakwenda kwa ajili ya bwana!"

"Atajuaje? Mimi mwenyewe nitajuaje, Maulida?"

Maulida akaacha kuruka.

Jumanne alikwenda kazini akachagua kahawa. Jumanne hiyo hiyo jioni shangazi Adventina alimkuta amekaa jikoni, moto umezimika, anatazama majivu.

"Kijana wa watu anaondoka keshokutwa," shangazi alisema.

"Najua."

"Unampenda?"

"Shangazi, sijui. Nikijigusa hapa, sisikii kitu."

Shangazi akachuchumaa, akaanza kupuliza makaa. "Mimi sikuulizi moyo. Nakuuliza, meli ikipiga honi Alhamisi, utakuwa unafanya nini?"

Kokubanza alijaribu kuiona. Aliiona meza ya kiwandani, na mikono yake juu ya meza. Honi inalia. Mikono inaendelea. Ndipo akahisi kitu kikimkaba kooni, kidogo, kama punje iliyopita njia mbaya. Haikuwa furaha. Lakini ilikuwa kitu, na hakutaka kukimeza.

Asubuhi aliomba ruhusa kazini, akapanda basi la Muleba.

Njia kutoka Muleba mpaka Ijumbi aliitembea kwa miguu, akiuliza nyumba ya mama Elieza. Mvua ilikuwa imenyesha, migomba inadondosha maji, watoto wanamwamkia kutoka vibarazani. Mama Elieza alikuwa uani, mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa, na mbele yake mkungu mzima wa ndizi za kumenya. Kokubanza alipiga magoti akamwamkia kwa Kihaya kama ipasavyo. Mama alimwitikia, akamtazama busuti, akamtazama viatu vyenye tope, akajua yote isipokuwa jina.

"Yuko huko kwenye migomba, mwanangu. Anakata majani makavu. Tangu Jumapili amekata mpaka migomba inaona aibu."

Elieza alisikia nyayo. Alisimama, mundu mkononi, jasho usoni. Hakutabasamu.

"Umeleta pete," alisema.

"Nimeleta. Na nimeipeleka kwa sonara."

Angeweza kulificha hilo. Njia nzima alikuwa ameliweka kando, na njia nzima lilikuwa limerudi. Elieza alichoma ncha ya mundu kwenye mgomba.

"Akakwambia nini?"

"Kila kitu. Rangi, ukungu, thamani. Kwamba nilikosea."

"Ndipo ukapanda basi."

"Si siku ile. Lakini ni baada ya hapo, ndiyo."

"Na kama angesema ni kioo?"

Maji yalidondoka kutoka jani moja hadi jingine. Kokubanza alitafuta jibu zuri. Alikuwa analijua, lile ambalo wasichana husema. Hakulisema.

"Sijui," alisema. "Elieza, nisikilize, kisha uniambie niende. Siku ile ufukweni nilitafuta furaha ndani yangu. Wewe ulikuwa unatetemeka, na mimi nilitafuta, sikuona kitu. Nikaogopa. Ikawa rahisi kusema jiwe lina kosa kuliko kusema mimi ndiye nina kosa. Jiwe halikuwa na kosa. Hata kama lingekuwa kioo, wewe ulikuwa unatetemeka kweli."

Elieza akachomoa mundu kwenye mgomba.

"Siwezi kukuahidi kwamba itarudi," aliendelea. "Ile furaha. Labda itachukua muda mrefu. Labda utachoka. Nimekuja kukwambia hilo kabla hujanioa, usije ukalijua baadaye."

"Na sasa unasikia nini? Sasa hivi, hapa."

Kokubanza alifikiri kwa uaminifu. "Naogopa meli."

"Basi?"

"Basi. Naogopa ile honi."

Elieza alimtazama kwa muda mrefu, jinsi alivyotazama mawe karibu na dirisha, bila haraka, akimgeuza. Kisha akanyoosha kiganja. Kokubanza akaiweka pete juu yake, lakini hakuvishwa. Elieza aliitia mfukoni, akafunga kifungo.

"Nitaileta kwa baba yako, pamoja na wazee, kwa utaratibu wake," alisema. "Likizo ijayo. Utaivaa siku hiyo, furaha iwe imefika au iwe bado njiani. Mimi mwenyewe nimezoea kusubiri lori."

"Elieza..."

"Nimekasirika bado. Usidhani imekwisha."

"Sidhani."

"Vizuri. Twende, mama atasema nimekuficha."

Walitoka kwenye migomba yeye mbele, Kokubanza nyuma. Mama alikuwa ameshatandika mkeka safi kivulini na kuweka juu yake kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama anavyowekewa mgeni.

"Karibu ukae, mgeni wetu," alisema. "Chakula si cha kukimbiza. Utakula ndipo uondoke."

Huko kwao mgeni hamenyi ndizi. Mgeni hukaa mkekani, akasifu kibanja na migomba yake, akaletewa chakula. Kokubanza alikuwa ameshaanza kuinama akae.

"Mama," Elieza alisema, "mpe kisu."

Mama Elieza alisimamisha mikono. Alimtazama mwanawe, kisha msichana, kisha mwanawe tena. Alikipangusa kisu chake kwenye kanga, akamgeuzia Kokubanza mpini. Yeye mwenyewe akaingia ndani kutafuta kingine, na huko ndani wakamsikia akipenga kamasi kwa nguvu.

Kokubanza alivua viatu, akakunja mikono ya busuti, akakaa chini kando ya mkungu. Alichukua ndizi ya kwanza.

"Unamenya nene!" mama alisema aliporudi na macho mekundu. "Watoto wa mjini! Utatulisha maganda?"

"Nitajifunza, ma."

"Utajifunza. Shika hivi. Hivi!"

Elieza aliketi kwenye kizingiti, akawa anawatazama. Wingu lilipita, jua likarudi uani. Utomvu wa ndizi ulimchuruzika Kokubanza katikati ya vidole, ukashuka mpaka kwenye kiwiko. Ulikuwa wa baridi. Aliusikia.